Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Bizimu za Kirumi, Bango Jipya na Ada

Ndugu wanachama,

Assalam aleykum, na salamu za heri kwenu nyote. Kama katiba yetu inavyotaka, naleta mbele yenu taarifa ya kazi za chama chetu cha bizimu za Kirumi, vile vifungo vya sindano vya kushikia nguo, kwa mwaka uliokwisha. Mengi mnayajua, kwa hiyo nitayapita haraka nifike kwenye lile ambalo wengi wenu mmekuja kulisikia.

Tulikutana mara 10. Mwezi Mei tulikwenda Vindolanda, ngome ya Kirumi kusini kidogo ya Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, na Julai tukaenda makumbusho ya legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi) pale Caerleon, Wales. Tulifanya maonyesho 4 na darasa la ufuaji wa bizimu la Jumamosi 6. Maktaba imeongezewa vitabu 3. Wanachama 2 waliookota bizimu mashambani walikuwa na idhini ya wenye ardhi, wakazipeleka kuandikishwa kwa ofisa wa Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa. Nawapongeza. Nakumbusha tu kwamba bizimu ya dhahabu au fedha yenye umri wa zaidi ya miaka 300 ni hazina kisheria nchini Uingereza, na anayeiokota ana siku 14 za kutoa taarifa kwa "coroner", ofisa anayechunguza vifo na hazina. Kwenye maeneo ya kale yaliyolindwa, kipima metali hakiingii kabisa bila kibali.

Sasa suala la bango na sanamu.

Mnajua kwamba mwezi Septemba niliagiza bango la zamani, lililoandikwa "Bizimu za Askari wa Kirumi", liondolewe. Niliagiza pia ile bizimu kubwa yenye vifundo vitatu ivuliwe begani mwa sanamu ya askari wetu. Kazi hiyo iligharimu pauni 385: pauni 240 za kitambaa cha sufu kwa majoho mawili, na pauni 145 za bango jipya. Nimeambiwa nimetumia mamlaka vibaya, na kwamba nimelipokonya onyesho letu mvuto wake. Nitajibu yote mawili.

Nianze na sanamu. Tangu siku ya kwanza tumewaambia wageni kwamba huyu ni askari wa jeshi la kaisari Klaudio, lililovuka bahari kuingia Uingereza mwaka 43 baada ya Kristo. Bizimu aliyovalishwa ni ile ambayo Wajerumani huiita ya "vifundo vya kitunguu": mkono wa kukingama, kifundo kila ncha na kimoja kichwani. Aina hiyo ilikomaa mwishoni mwa karne ya 3 na kuendelea hadi karne ya 6. Tofauti ni karibu miaka 250. Ni sawa na kumvika Mreno aliyeanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593 nguo za zama za Seyyid Said. Mgeni mmoja anayejua mambo akilitazama onyesho letu, hawezi kutuamini tena hata pale tuliposema kweli.

Askari wa mwaka 43 alivaa nini? Jibu lake lipo. Aina ya Aucissa, iliyopewa jina la fundi ambaye jina lake limegongwa kichwani mwa baadhi ya bizimu hizo, imeokotwa katika kambi za kaisari Augusto kando ya mito Rhine na Lippe huko Ujerumani, Haltern ikiwemo. Imeokotwa Kalkriese pia, mahali panapohusishwa na kuangamia kwa legioni tatu za jemadari Varus mwaka wa 9. Ikaingia Uingereza na jeshi. Iliyozaliwa kutokana nayo inaitwa Hod Hill, kwa jina la kilima cha Dorset ambako Warumi walijenga ngome ndani ya boma la wenyeji. Zote mbili hazionekani sana baada ya miaka ya 60 na 70 ya karne ya kwanza. Kwa hiyo sanamu sasa ina Aucissa, bega la kulia, mkono wa upanga ukiwa huru.

Na joho nalo lilibidi libadilishwe. Lile la zamani lilikuwa na kofia na limeshonwa mbele. Hilo ni paenula. Askari walilivaa, mawe ya makaburi yao yanaonyesha, lakini halihitaji bizimu hata moja. Bizimu ni ya sagum, kitambaa cha pembe nne kisichoshonwa, kinachozungushwa mwilini na ncha mbili kukutanishwa begani. Yeyote aliyewahi kuona mtu amevaa lubega anaelewa mara moja, ila Mrumi badala ya fundo aliweka bizimu yenye sindano. Tulikuwa tumebandika bizimu juu ya joho ambalo haliifungi.

Wapo waliosema pauni 240 ni nyingi kwa matambara mawili. Sufu ya kweli iliyoshindiliwa ina unene wa milimita 3 hadi 4, na sindano lazima iingie na kutoka ikiwa imeshika tabaka mbili. Ndiyo maana upinde wa Aucissa umeinuliwa kama nusu duara: nafasi chini yake ndiyo inayobeba mkunjo wa nguo. Jaribu kufunga sufu hiyo kwa bizimu bapa ya sahani, yenye nafasi ya milimita 5 tu, sindano inapinda au inachomoka. Kwa kitambaa chepesi cha dukani kila bizimu inaonekana kufanya kazi, na mgeni hajifunzi lolote.

Kuhusu bango, hapa ndipo maneno yalipokuwa makali. Kabati letu lina bizimu 36 za kuiga. Bango la zamani liliziita zote za askari. Mimi nilizihesabu moja moja, jioni tatu mfululizo, na nikaona ni 14 tu zinazoweza kuitwa hivyo bila kuona haya: Aucissa, Hod Hill, zile za goti (zilizopindwa kama goti) za karne ya 2 na ya 3 zinazojaa kwenye ngome za Rhine na Danube, na za vifundo vitatu. Zilizobaki zilivaliwa na kila mtu. Bizimu za tarumbeta (kichwa chake kimepanuka kama tarumbeta), mnazozipenda sana, mara nyingi zina kipete kichwani cha kutilia mnyororo, kwa sababu zilivaliwa jozi, moja kila bega, na huo ni uvaaji wa wanawake wa mikoa ya kaskazini.

Hoja niliyopewa ni kwamba nyingi zimeokotwa ndani ya ngome, basi ni za askari. Hoja hiyo haisimami, na wale waliokuja Vindolanda waliona kwa macho yao. Pale pameokotwa viatu vya wanawake na vya watoto. Pale pameokotwa barua ya Claudia Severa ya mnamo mwaka 100, akimwalika Sulpicia Lepidina, mke wa kamanda, kwenye siku yake ya kuzaliwa. Ngome ilikuwa na wake, watoto, watumwa na wachuuzi. Kinachodondoka ndani ya ngome kinaweza kudondoka kutoka bega lolote.

Hata jina si ushahidi. Ile ya waya mmoja yenye mizunguko minne, namba 15 katika orodha aliyotoa Msweden Oscar Almgren mwaka 1897, Wajerumani huiita "bizimu ya askari". Ni kweli inapatikana sana kambini. Lakini ni bizimu ya bei ndogo ambayo fundi yeyote angeweza kuifua, na raia waliivaa vilevile.

Bango jipya linasema "Bizimu za Kirumi: Jeshini na Uraiani". Sijaliondoa jeshi. Nimeliweka mahali ambapo ushahidi upo, na kwa vifundo vitatu ushahidi ni mkubwa kuliko kwa aina nyingine yoyote. Stilicho, jemadari wa dola ya Magharibi, amechongwa kwenye pembe ya ndovu iliyoko Monza akiwa na bizimu hiyo bega la kulia, mguu wa bizimu, yaani ncha inakoshikia sindano, ukielekea juu. Katika mozaiki ya San Vitale, Ravenna, kanisa lililowekwa wakfu mwaka 547, maofisa wa kaisari Justinian wameivaa. Childeric, mfalme wa Wafranki aliyezikwa Tournai, alikuwa na ya dhahabu kaburini, lililogunduliwa mwaka 1653. Hapo bizimu si kifungo tena, ni cheo. Zile za mwisho zina hata kifundo kimoja chenye nyuzi za skrubu kinachofunguliwa ili kuchomoa sindano. Hata hivyo wenye cheo hawakuwa wanajeshi peke yao. Watumishi wa dola nao walivaa hivyo. Na Lankhills, makaburini Winchester, walifikiriwa wote waliozikwa na bizimu na mikanda ya namna hiyo kuwa wageni kutoka Danube. Meno yao yalipopimwa kwa isotopu (alama zinazoonyesha mtu alikulia wapi), baadhi walikuwa wageni na wengine walikulia hapa hapa. Ndiyo maana nasema bango lazima liwe na tahadhari.

Kuhusu mamlaka. Taarifa ya mkutano wa Septemba ilitumwa siku 21 kabla, na ajenda ya bango ilikuwa ya pili. Akidi yetu ni wanachama 20. Walikuja 14. Kifungu cha 9 kinaipa kamati uwezo wa kuamua mambo ya maonyesho pale akidi isipotimia, na kamati iliamua kwa kura 4 dhidi ya 1. Waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawakuwepo. Kwa mikutano 10, wastani wa mahudhurio ni watu 11. Mara mbili nimefungua ukumbi, nimepanga viti, na tumekaa watu 6. Siwezi kusubiri akidi isiyokuja huku msimu wa maonyesho ukikaribia.

Darasa la ufuaji. Tulifua bizimu 30 za waya mmoja, na 11 zilikatika. Nieleze kwa nini, kwa sababu lawama zilielekezwa kwa mwalimu, na hazikuwa zake.

Kipande ni cha shaba njano, sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, unene milimita 3, urefu sentimita 20. Sentimita 7 za kwanza zinaachwa nene kwa ajili ya upinde na mguu. Zilizobaki zinafuliwa mpaka milimita 2. Kila waya unapokuwa mgumu chini ya nyundo, unachomwa mpaka wekundu hafifu unaoonekana gizani tu, kisha unazamishwa majini. Ncha ya mguu inapondwa bapa hadi chini ya milimita 1 na kukunjwa iwe kidaka cha sindano. Springi inazungushwa juu ya msumari wa milimita 4: mizunguko miwili upande mmoja, waya unapita chini ya upinde, mizunguko miwili upande wa pili, halafu sindano. Baada ya hapo moto ni marufuku. Ugumu wa baridi ndio unaoipa springi nguvu, na ukichoma tena sindano inalala kama uzi. Ikiwa imeachiwa, sindano ikae kama milimita 15 mbali na kidaka, ndipo ikibanwa ivute.

Zote 11 zilikatika pale sindano inapotoka kwenye mzunguko wa mwisho. Saba zilishikwa kwa koleo lenye meno. Kila jino linaacha kovu, na kovu ndilo mwanzo wa ufa. Nne zilifuliwa kutokana na fito za shaba njano za karakana ya mashine, zenye karibu asilimia 3 ya risasi. Risasi inarahisisha kukereza, lakini inaua springi. Mafundi wa Kirumi walilijua hili: waya wa springi waliufanya wa shaba isiyo na risasi nyingi, na risasi wakaitia kwenye pinde za kumimina, ambazo hazipindwi. Fito hizo ziliagizwa kwa sababu zilikuwa nafuu, na tulitafuta unafuu kwa sababu ada hazijalipwa.

Kwa Aucissa, shida ni bawaba. Mhimili wa chuma wa milimita 2 unapita ndani ya kichwa kilichoviringishwa, na sindano ina kisigino kidogo kinachogota kwenye upinde. Kisigino hicho ndicho springi yake. Ukikitia tupa kupita kiasi sindano inalegea. Ukikiacha kirefu haifiki kwenye kidaka. Za kale tunaziokota zimepasuka kichwa kwa sababu mhimili uliota kutu na kuvimba.

Na tafadhali sana: ndimu na ukwaju hung'arisha masinia nyumbani, lakini bizimu ya kale ikisuguliwa hivyo inapoteza ngozi yake na ule weupe wa bati unaopakwa kwenye Hod Hill. Haurudi. Mkiona unga wa kijani kibichi mwepesi, ni chumvi ya ardhini inakula shaba. Iwekeni kwenye kopo lililofungwa pamoja na vijifuko vya kukausha unyevu, kisha nipigieni simu.

Fedha. Wanachama ni 58 na ada ni pauni 24. Waliolipa yote ni 21, nusu 9, na 28 hawakulipa chochote. Ada zilileta pauni 612, maonyesho 430, jumla 1,042. Matumizi: ukumbi 360, majoho na bango 385, waya na zana 186, bima 95, jumla 1,026. Pamoja na salio la nyuma la 274, tuna pauni 290. Tunazodai ni 780. Wanaosema pauni 385 zimekiangusha chama waipime kwanza hiyo 780. Nimemsaidia mweka hazina kupiga simu zisizopungua 40, na kwa petroli ya safari ya Caerleon sikudai kitu.

Mbele, inshallah, tunatumaini kupata tanuru dogo la kumimina, kuwaalika shule, na pengine kufika Rhine fedha zikiruhusu. Kamati italitazama.

Jumamosi ijayo saa 4 asubuhi tunafua sindano mpya kwa waya usio na risasi. Njooni na koleo bapa, na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti