Mali kauli imetuchosha: barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Mwanza. Kazi yangu ni kufungasha dagaa hapa Kirumba. Alfajiri nanunua gunia kwenye soko la Mwaloni, na pale hakuna maneno mengi: fedha kwanza, ndipo kuli anyanyue mzigo. Nachambua mchanga, nakaanga, nafunga pakiti za robo kilo, nabandika lebo yenye namba zinazoanza na 620, za Tanzania yetu. Nikifika supamaketi mambo yanageuka. Huko ni mali kauli: unaacha mzigo leo, fedha unaahidiwa baadaye.

Siku moja nilisimama karibu na kaunta ya duka mojawapo. Mama mmoja akaweka pakiti yangu, mashine ikalia, akatoa noti ya elfu kumi, akapewa chenji. Niliitazama ile noti mpaka droo ilipofungwa. Nikapanda ghorofani kwa mhasibu. "Dada, ankara yako haijafikisha siku 90. Njoo mwisho wa mwezi." Hiyo ilikuwa safari yangu ya nne, na mzigo wenyewe ulishaliwa ukaisha.

Mheshimiwa, huu si uzembe wa mhasibu. Supamaketi kubwa nyingi ndivyo zinavyoendeshwa. Duka linauza taslimu leo, linamlipa aliyeleta bidhaa baada ya miezi miwili au mitatu. Katika muda huo fedha zetu ni mtaji wao, bila riba, bila dhamana. Mtaji huo unaweza kufungua tawi jipya, tawi likavuta wauzaji wapya wa bidhaa, nao wakaanza kusubiri. Mauzo yakipanda, shimo halionekani.

Majirani zetu waliliona. Nakumatt, supamaketi ya Kenya, ilitoka Nakuru, kwenye biashara ya magodoro, hata jina lake limetokana na hayo. Ikakua mpaka matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite hapa kwetu. Kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu, kwa sababu waliokuwa wanadai waliacha kupeleka bidhaa. Januari 2020 wadai wake wakapiga kura kampuni ifungwe. Kabla ya hapo, Oktoba 2015, Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya ya tangu 1975, ilifunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda. Duka likifa, benki yenye dhamana inatangulia kuchukua chake. Mwenye pakiti za dagaa yuko nyuma kabisa ya foleni.

Sisemi supamaketi zifungwe. Zimenifundisha mengi: uzito usiopungua, tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya TBS, shirika letu la viwango. Mteja wa Capri Point, mtaa wa wenye nacho, asiyekanyaga Mwaloni ananijua kwa sababu ya rafu ile. Nataka nilipwe tu.

Wenzetu wamechukua hatua. Kenya ilirekebisha sheria yake ya ushindani mwaka 2019 ili mnunuzi mkubwa asimkandamize anayemuuzia. Umoja wa Ulaya, mwaka huohuo, uliweka kikomo cha malipo: siku 30 kwa vyakula vinavyoharibika haraka na 60 kwa vingine. Uingereza ina msimamizi maalumu wa supamaketi kubwa tangu 2013, na Januari 2016 alitangaza kuwa Tesco, kampuni kubwa kuliko zote huko, ilichelewesha kwa makusudi malipo ya watu. Ikalazimika kubadilisha utaratibu wake.

Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani iko chini ya wizara yako. Ninachoomba ni kanuni yenye tarehe: siku 30 kwa vyakula, zihesabiwe tangu siku mzigo unapopokelewa na kugongwa muhuri, si tangu siku mhasibu anapoiingiza ankara kwenye kompyuta. Hapo ndipo tunapoumizwa zaidi, maana ankara inaweza kukaa mezani wiki tatu kabla hata ya kuanza kuhesabiwa. Na anayechelewa alipe riba, kama sisi tunavyolipa VICOBA, vikundi vyetu vya kukopeshana.

LPO (oda za maandishi za duka) na hati zangu za kupokelewa mzigo nimezitunza kwenye faili. Nipo tayari kuzileta Dodoma, au kwa afisa biashara wa mkoa hapa Mwanza, siku yoyote utakayopanga.

Wako mtiifu,
Mfungashaji wa dagaa, Kirumba