Malalamiko: Ruta mliyotufungia inakata namba zetu za simu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: SIMU ZA NJE KUTOTOKA, OFISI YA MALABA

Ndugu Meneja,

Sisi ni mawakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kazi yetu ni simu. Lori likifika mpakani kutoka Mombasa na karatasi zina kasoro, inabidi mwenye mzigo aliyeko Kampala apatikane saa hiyohiyo. Wiki ya tatu sasa tunampata kwa simu zetu za mkononi na kwa salio letu wenyewe, huku simu mpya sita za mezani zikipigwa vumbi.

Ruta yenyewe, yaani kile kifaa cha mtandao ambacho simu zetu zote za mezani hupitia, sina neno nayo. Ni Cisco, na simu kati ya Malaba na ofisi yetu ya Kampala zinapita kwenye intaneti bila tatizo. Hilo ndilo lililomponza fundi wenu. Siku ya kwanza alipiga Kampala, wakaitika, akamwomba mwenzao wa Kampala ampigie, ikaita, akanipa karatasi ya kusaini. Simu ya kwenda kwa mteja wa nje hakuijaribu hata moja. Nami nikasaini, kosa langu hilo.

Alipoondoka tu, karani wetu akabonyeza 9 ya kutokea nje, kisha namba ya mteja inayoanza na 0772. Sauti ya kike ikamjibu kwamba namba hiyo haipo. Akarudia. Haipo. Mteja mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, simu yake mezani, imenyamaza.

Kijana wetu wa kompyuta ndiye aliyefungua ruta na kutuonyesha. Fundi alikuwa ameandika kanuni ya kupiga hivi: 907 na nukta nane, kila nukta ikisimama badala ya tarakimu moja yoyote. Kwenye laini za kawaida za simu, ruta hiyo huondoa kila tarakimu iliyoandikwa waziwazi kwenye kanuni na kupeleka zile tu zilizoangukia kwenye nukta. Kwa hiyo 9 iliondoka, ambayo ndiyo tuliyotaka iondoke, lakini ikaondoka na 0 na 7. Kampuni ya simu ikapokea tarakimu 8 badala ya 10. Simu za kwenda ofisi yetu ya Kampala hazikuguswa kwa sababu kwenye njia ya intaneti ruta haikati kitu.

Tuliwaandikia. Fundi akarudi, akaweka amri ya forward-digits all, ikapeleka zote pamoja na ile 9, zikawa 11. Haipo. Safari ya tatu akaweka 9 badala ya all, nadhani kwa kukumbuka kwamba namba za Uganda zina tarakimu 9 baada ya 256, namba ya nchi. Ni kweli, lakini anayepiga humu humu nchini huanza na sifuri. Ilitakiwa 10. Kwa kila safari kati ya hizo mbili mlitutoza shilingi 150,000, kurekebisha kosa lenu wenyewe!

Simu za Kenya nazo zina shida yake. Kanuni aliyoweka ni 9000 kisha T, yaani tarakimu zozote zinazofuata, ziwe ngapi. Ruta inakata zile 000 za kutokea nje ya nchi, inabaki namba inayoanza na 254 ya Kenya bila kitu mbele yake, na hakuna aliyeiambia izirudishe mbele. Isitoshe, ile T huifanya ruta isubiri sekunde 10 baada ya tarakimu ya mwisho ili ijue kama umemaliza. Hakuna aliyetwambia kwamba ukibonyeza # haisubiri. Karani alikuwa akidhani simu imekufa, anakata.

Lakini lililonifanya niandike barua hii ni 999. Jumamosi usiku mlinzi aliona watu wakiruka ukuta wa yadi, akakimbilia simu ya mezani kuwaita polisi. Alichosikia ni mlio wa laini tupu, kana kwamba hajabonyeza kitu. Kanuni ya fundi wenu ni 999 kamili bila nukta hata moja, basi ruta ilikata tarakimu zote tatu na kupeleka hewa. Wale watu walikimbia wenyewe baada ya mbwa kubweka. 112 imeandikwa vilevile.

Ninachodai ni hiki. Mlete injinia anayeijua kazi, si yule kijana, na asiondoke kabla hatujapiga naye pamoja namba ya mkononi, namba ya Kenya na zile mbili za dharura, ambazo zitoke bila kubonyeza kwanza ile 9 ya kutokea nje. Atuachie nakala ya mipangilio yote pamoja na neno la siri la ruta, maana tumeinunua. Na shilingi 300,000 za safari mbili zirudishwe.

Nimeambatanisha nakala za risiti na daftari la karani, lenye saa ya kila simu iliyogoma. Nasubiri jibu ndani ya siku 7. Mkipiga, tumieni namba yangu ya mkononi mliyonayo. Ya mezani tutaipokea, lakini hatutaweza kuwarudia.

Wenu,

Msimamizi wa Ofisi
Malaba, Wilaya ya Tororo