Majibu ya kipimo cha saratani hayajileti nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kampeni za saratani ya mlango wa kizazi hulipitia juu juu, nalo ni wajibu wa mtu mwenyewe baada ya kutoka katika chumba cha uchunguzi.

Tukihimizwa kupima, kinamama hujitokeza, hasa mahema yanapopigwa viwanjani na huduma ikiwa bure. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja hivi, kisha hutazama kama pana weupe usio wa kawaida. Dalili za awali zikionekana, mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo kwa kugandisha au kwa joto. Shida huanza pale mtu anapokatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi, kikapelekwa maabara. Huambiwa arudi baada ya wiki kadhaa, lakini mvua huanza, shamba humngoja, nauli hukosekana, na kwa kuwa haumwi popote hujipa moyo kwamba wangeona kitu wangempigia simu. Pengine wamepiga, ila namba aliyoiandikisha ni ya laini aliyokwisha kuitupa.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho kwa mwanamke mwenye kinga imara huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, na kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutibiwa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Kwa kuwa mabadiliko hayo huja polepole, jibu zuri la mwaka 2019 halimkingi mtu leo. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake kuanzia umri wa miaka 30 wapimwe kwa siki kila baada ya miaka 3 pale ambapo kipimo cha kirusi cha HPV chenyewe hakijapatikana, na wanaoishi na VVU waanze mapema zaidi. Kungoja hema lirudi mtaani ndipo mtu apime ni kumwachia mwingine kalenda ya mwili wako.

Vituo vyetu vingi bado huandika maelezo ya mgonjwa katika daftari analokuja nalo mwenyewe. Hati ya kiwanja tunaifungia sandukuni. Daftari la hospitali tunawaachia watoto wachoree, kisha tunamtaka daktari mpya akisie tulitibiwa nini.

Kinababa nao wasijitoe, maana mara nyingi nauli ya kufuata majibu hutoka mfukoni mwao, na ndio wanaokataza binti asichanjwe kwa uvumi kwamba chanjo huleta ugumba. Chanjo ya HPV inatolewa kote Tanzania tangu 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Sisemi kwamba aliyeugua amejitakia, wala siiondolei Serikali lawama majibu yanapokaa maabara miezi. Lakini wagonjwa wengi wanaofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, na baadhi ya ucheleweshaji huo umo mikononi mwetu. Kabla ya kuondoka hospitali, mtu aulize majibu yatatoka lini, atayafuata dirisha gani na apige namba ipi yakichelewa, kisha amwombe muuguzi amwandikie hayo yote daftarini.

Msomaji wako,
Morogoro