Riwaya za tabianchi zitoke pia mialoni kwetu

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu riwaya za vijana wanaotetea tabianchi katika miji midogo ya pwani. Nazipenda, lakini nyingi nilizosoma ni za baharini. Sisi Uganda pwani yetu ni Ziwa Viktoria. Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakafurika mialoni, yaani kwenye fukwe wanakotia nanga wavuvi, huko Ggaba na Port Bell karibu na Kampala, watu wakahama makwao. Vijana walioyaona hayo wanastahili kujisoma vitabuni. Mfano wa mhusika tunao: mwanaharakati wa tabianchi Vanessa Nakate alianza kuandamana Kampala mwaka 2019, mwanzoni mara nyingi akiwa peke yake.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubaliana Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Basi Wizara ya Elimu iandae shindano la riwaya fupi za Kiswahili kwa vijana wa mialoni, na zitakazoshinda zichapishwe na kupelekwa maktaba za shule.

Mwalimu wa Kiswahili,
Entebbe