Umeandikiwa dawa mpya? Njoo na kumbukumbu zako za sukari

Mteja mwenye kisukari aina ya 1 anapofika dirishani kwetu, hapa famasi, na cheti cha dawa mpya, mara nyingi anauliza jambo moja tu: ainywe kabla ya kula au baada? Tukishamjibu, na sisi tunauliza letu: unachoma yuniti ngapi za insulini, na saa ngapi? Wengine hushangaa. Wamefuata dawa ya pumu, ya goti au ya presha, kisukari kimeingiaje hapo?

Kimeingia kwa sababu kongosho lako halitengenezi insulini, au linatengeneza kidogo mno. Mtu asiye na kisukari akimeza dawa inayopandisha sukari, kongosho lake huongeza insulini lenyewe na yeye wala hajui. Wewe kazi hiyo unaifanya kwa sindano au pampu. Dozi uliyoizoea kwa miezi inaweza kuwa ndogo mno, au kubwa mno, tangu siku ya kwanza ya dawa mpya.

Dawa zinazotupa wasiwasi kuliko zote ni steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Prednisoloni ndiyo tunayoiona zaidi, na tabia yake inawapotosha wengi. Ukiimeza mara moja asubuhi, sukari huanza kupanda kuelekea mchana, hukaa juu jioni, kisha hushuka usiku. Kesho yake kabla ya kula, kipimo kinaweza kuwa kizuri kabisa. Anayepima asubuhi tu atasema dawa haijamfanya kitu, kumbe kila jioni sukari iko juu sana. Mwingine anaona namba za jioni, anaogopa, anaongeza insulini ya muda mrefu wakati wa kulala. Hapo amejitegea mtego, kwa sababu insulini hiyo itaendelea kufanya kazi alfajiri, saa ambazo nguvu ya prednisoloni imekwisha, na sukari itashuka akiwa usingizini.

Kwa hiyo madaktari wengi huongeza zaidi insulini ya chakula cha mchana na cha jioni, au huongeza asubuhi insulini ya muda wa kati, ambayo saa zake zinakaribiana na za prednisoloni. Kiasi kinategemea dozi ya steroidi na mwili wa mtu, na nyongeza inaweza kuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Deksamethasoni ni habari nyingine: hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo hata sukari ya asubuhi hupanda. Sindano ya steroidi kwenye kiungo nayo inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, na hii watu huisahau kwa kuwa hawakumeza kidonge chochote.

Halafu steroidi inapunguzwa, au inakwisha. Kipindi hiki hutuhangaisha kuliko hata mwanzo. Mtu ameshazoea dozi kubwa ya insulini, vidonge vimeisha, lakini bado anachoma kama juzi. Steroidi ikishuka, insulini nayo ishuke, na mpango wa kuishusha uandikwe siku ileile ya kuanza. Usikatishe steroidi ghafla kwa kuogopa sukari. Hilo lina hatari zake.

Kundi la pili ni dawa za kisukari zisizo insulini, nyingi zikiwa zimetengenezewa hasa aina ya 2, ambazo baadhi ya madaktari huwapa wenye aina ya 1 pia. Semaglutidi na liraglutidi hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha chakula tumboni. Insulini uliyochoma kabla ya kula inaweza kuwahi kuliko chakula chenyewe, sukari ikashuka muda mfupi baada ya mlo, kisha ikapanda saa kadhaa baadaye. Pramlintidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa watu wanaochoma insulini ya chakula, huja na maelekezo ya wazi: unapoianza, insulini ya chakula ipunguzwe kwa nusu.

Dapagliflozini na ndugu zake tunazisemea kwa mkazo. Dawa hizi hutoa sukari kwa njia ya mkojo, namba kwenye mashine zinapendeza, na mtu anashawishika kupunguza insulini. Akipunguza kupita kiasi, mwili unaanza kuchoma mafuta na ketoni (asidi zitokanazo na mafuta hayo, hatari zikizidi) zinarundikana, huku sukari ikiwa karibu na kawaida. Barani Ulaya dapagliflozini iliruhusiwa kwa baadhi ya wenye aina ya 1 mwaka 2019, na ruhusa hiyo ikaondolewa 2021. Ikiwa daktari wako ameamua uitumie, hatutakuachia uondoke bila stripu za ketoni. Kipimo cha ketoni kwenye damu kilicho chini ya 0.6 (mmol/L) ni cha kawaida, kikifika 1.5 piga simu kwa timu yako mara moja, hata kama sukari inaonekana nzuri.

Zipo nyingine za kutaja kwa ufupi. Baadhi ya dawa za presha na moyo, kama propranololi, zinaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo yanayokuonya kwamba sukari imeshuka, ingawa jasho kwa kawaida hubaki. Dawa ya tezi ya thairoidi inaweza kuongeza mahitaji ya insulini polepole. Na ukitumia sensa, kile kifaa kinachobandikwa mwilini kusoma sukari muda wote, tuambie kama unameza vitamini C kwa wingi au haidroksiurea, kwa kuwa baadhi ya sensa husoma juu kuliko hali halisi, na ukichoma insulini kwa namba hiyo sukari itashuka mno.

Huduma yetu ni hii. Kabla ya kidonge cha kwanza, kaa nasi na mashine yako, simu ya sensa au daftari. Tunasoma vipimo vya siku saba zilizopita, kisha tunampigia aliyekuandikia dawa, maana kubadilisha dozi ya insulini ni uamuzi wa daktari wako na wewe. Unaondoka na karatasi yenye saa za kupima, dozi mliyokubaliana, na tarehe ya kuirudisha chini. Siku ya tatu tunakupigia, na tunakupigia tena dawa inapokwisha. Kama ulishaianza, njoo vilevile.

Insulini ya muda mrefu usiiache kabisa, hata siku ambayo huwezi kula. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) na unaweza kumeza, chukua gramu 15 za glukosi na upime tena baada ya dakika 15. Ukitapika bila kukoma, ukihema kwa nguvu au ketoni zikifika 3, usipite kwetu kwanza. Nenda hospitali moja kwa moja, na ubebe pakiti ya ile dawa mpya waione.