Nywele kavu, nywele zinapungua: kwa nini tunakukatalia dawa

Juzi tena mteja kaondoka saluni kwetu amenuna, anasema tumemlia hela, eti kalipia tritimenti ya kulainisha nywele na nywele bado zinakatika. Mwingine alisusa kabisa kisa tulikataa kumpaka dawa ya kunyoosha nywele siku hiyohiyo aliyofumua. Malalamiko haya yanajirudia kila siku, kwa hiyo naeleza hapa ili mtu akija ajue analipia nini.

Kwanza, nywele unayoiona kwenye kioo haina uhai, kilicho hai ni mzizi ulioko ndani ya ngozi. Tritimenti inalainisha, inapunguza kukatika, lakini ncha ikishachanika haiungiki, dawa yake ni mkasi tu. Na nywele inakua kama sentimita 1 kwa mwezi, sasa mtu ameziunguza mwaka mzima halafu anataka zipone kwa kuoshwa mara moja, atakayekuahidi hivyo anakudanganya.

Mteja akikaa kwenye kiti hatukimbilii kuosha. Tunachana taratibu juu ya taulo jeupe, kuanzia nchani kwenda juu, halafu tunaokota zilizodondoka tunaziangalia. Nywele ndefu nzima yenye kidoti cheupe mwishoni, hiyo imenyonyoka. Vipande vifupivifupi visivyo na kidoti, hivyo vimekatika njiani. Hayo ni matatizo mawili tofauti na hayatibiwi kwa kopo moja, ndiyo maana nakasirika nikiambiwa "nipake tu yoyote ile nzuri".

Zinazokatika mara nyingi ni ukavu, pasi ya moto kupita kiasi na dawa, na hapa kwenye dawa ndipo watu wanapojiumiza wakidhani wanabana matumizi. Ritachi, yaani kurudia dawa, inapakwa kwenye nywele mpya zilizoota tu, na walau wiki 8 zimepita tangu upake, zile za zamani tunazikinga kwa kondishena au mafuta zisiguswe. Nyumbani mtu hajioni kisogoni, anapaka kichwa kizima, mwezi ujao anarudia, akimaliza anasuuza kwa maji basi, bila shampuu ya nyutralaiza ile ya kuzima dawa, na dawa iliyobaki inaendelea kula nywele wakati yeye ameshakaa anakunywa chai. Kuna mama alikuja anataka kusuka, mbele nywele zimefika mabegani, kisogoni zimebaki urefu wa kidole, kumbe alipakwa na binti yake. Ilibidi tukate zote zilingane, na akaja kulipia tritimenti na kutrimu mara nyingi kuliko ritachi aliyoikwepa.

Halafu mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye nywele, yanazuia maji yaliyopo yasitoke. Ukiyarundika kwenye nywele iliyokauka unapata nywele kavu inayong'aa. Lowesha kwanza au paka losheni ya maji, ndiyo mafuta yafuate, kidogo.

Zinazonyonyoka na mizizi yake ni habari nyingine. Kwanza usiogope kila unywele kwenye kitana, nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, na kama umefumua rasta za muda mrefu zitatoka za siku zote hizo kwa pamoja. Lakini zikizidi ghafla kichwa kizima tunakuuliza miezi miwili mitatu iliyopita ulikuwaje: homa kali, upasuaji, kujifungua, msongo, kujinyima kula. Mteja mmoja alinigombeza kwamba mafuta tuliyomuuzia yamemnyonyoa, kumhoji vizuri ana mtoto wa miezi mitatu. Hiyo huwa inarudi yenyewe. Isiporudi nenda hospitali wakupime damu, upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya thairoidi yanapunguza nywele na sisi saluni hatuna dawa yake, siwezi kukuuzia.

Pembeni na mbele, hapo ni kuvuta. Watu wanatuambia "bana sana zisifumuke mapema". Ukiona vipele kwenye mstari wa nywele na huwezi kulala kwa maumivu, mizizi inavutwa, na ukiendelea miaka inakufa, hapo haioti tena. Msusi wetu akikataa kubana au kukuwekea rasta nzito kwenye nywele za mbele zilizobaki nyepesi, usimwone mvivu. Na utosini pakianza kuwa na upara unaouma au kuwasha, muone daktari wa ngozi mapema, usisubiri.

Bei yetu mnaisema sana. Unalipia ule muda wa kuchambua mafundo kwa vidole badala ya kuyang'oa kwa kitana, stimu ya mvuke kwa muda wake kamili, na mtu anayesimama na wewe mpaka dawa imetoka yote. Kwa haraka inawezekana, ila sisi hatufanyi.

Ukija kupaka dawa usioshe wala usijikune jana yake, ngozi yenye michubuko inaungua. Kama umefumua leo, iache ipumzike wiki moja au mbili. Na kopo la dawa ya mwisho uliyopaka lilete hata kama ni tupu, tusome kilichoandikwa nyuma, kwa sababu dawa ya kunyoosha yenye sodiamu haidroksaidi na ile ya kalikiti, ya kuzipinda nywele, yenye thioglikoleti hazipatani, zikikutana kwenye kichwa kimoja nywele zinakatikia mkononi.