Barua kwa wazazi mnaohamia Australia na watoto wadogo: mtoto si mkalimani wa nyumba

Wanangu na wadogo zangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira, bora niseme mapema asije mtu akauliza mbona mama leo kaja juu. Nimekaa huku magharibi mwa Melbourne tangu wanangu wako wadogo na sasa nina wajukuu, na nimeona familia zikiingia kwa kila mlango, kuna Wakenya na Watanzania wanaokuja na visa ya masomo au ya kazi, manesi wengi humo, na kuna ndugu zetu Wakongo na Warundi, wengine wametokea kambi ya Nyarugusu huko huko kwetu Kigoma, wamekaa kambini mpaka watoto wakazaliwa humo ndo jina likatoka la kuhamia huku. Kila mtu na njia yake. Ila kuna jambo moja naliona kwa wote, aliyesoma na asiyesoma, nalo ni kumfanya mtoto mdogo awe mdomo wa nyumba. Mtoto ndo anapokea simu, mtoto ndo anasoma barua, mtoto ndo anaenda na mama kwa dokta.

Hivi karibuni nilikuwa hospitali moja nasubiri zamu yangu, pembeni yangu kakaa mama wa Kikongo na binti yake, mtoto wa miaka tisa kumi hivi, kavaa sare ya shule na begi mgongoni, siku ya shule hiyo. Nesi akaja akachuchumaa mbele ya yule mtoto, siyo mbele ya mama, akaanza kumuuliza mambo ya mama yake. Binti akageuka, "Mama, anauliza damu inatoka nyingi ama kidogo." Mama akaangalia chini, akasema mwambie kidogo. Nesi akaandika kidogo. Jamani, baadaye yule mama ananiambia kwenye korido anavuja wiki ya tatu na anasikia kizunguzungu akisimama, namuuliza kwa nini umesema kidogo, ananijibu ningesemaje mbele ya mtoto? Nilirudi naye ndani mimi mwenyewe, na nikasema nilichosema, na wakamhudumia. Lakini siwezi kuwa kwenye kila korido ya mji huu.

Kwanza hospitali ile ilikosea, na ilikosea vibaya, manake hospitali za serikali zinatakiwa zikuwekee mkalimani na hulipi hata senti. Nchi yenye hela hivi kumuuliza mtoto habari za kizazi cha mama yake ni aibu. Lakini nyie nao hamuulizi! Kuna namba ya wakalimani ya serikali, 131 450, inafanya kazi saa 24, unapiga unataja Kiswahili wanakuunganisha. Dokta wa mtaani naye anaitumia bure kwa mgonjwa mwenye kadi ya Medicare, ile bima ya afya ya serikali. Andikeni kwenye mlango wa friji. Siku ya kuweka miadi mwambie wa mapokezi nataka mkalimani wa Kiswahili, na kama ni mambo ya ndani omba mwanamke, kusema hivyo haikushushii hadhi yoyote. Na kina baba, shifti haikwepeki najua, ila mke wako anavyovuja damu wewe uko wapi mpaka aende na mtoto wa darasa la nne?

Sasa hilo ni tawi, mzizi uko nyumbani kwenu. Mkifika tu mnaacha kuongea Kiswahili na watoto. Mnasema watachelewa Kiingereza, mnaanza "kamu hia, iti yua fudi", na Kiingereza chenyewe cha kubahatisha, mtoto anakisikia hicho hicho. Wanangu, Kiingereza mtoto atakipata shuleni, hakuna wa kumzuia. Kuna walimu maalum wa watoto wageni, kuna katuni, kuna uwanja wa mpira. Nimeona watoto wamefika hawajui hata kuomba kwenda chooni, mwaka wa pili wanabishana na refa. Kiswahili ndo hakina mwalimu mwingine huku isipokuwa wewe. Na Kifulero chako, Kibembe, Kiha, Kikuyu, hizo ndo kabisa, usipoziongea wewe jikoni hapo zimekwisha.

Na mtoto mdogo ndo wa kushika sasa hivi. Ukimwacha mpaka anafika Prep, darasa la kuanzia shule, na miaka mitano yake, anarudi jioni anakujibu Kiingereza, wewe unacheka unaona raha, mwanangu kajua. Akifika kumi na mbili hasemi tena na wewe kitu cha maana, siyo kwa jeuri, hana maneno ya kukwambia na wewe huna ya kumjibu. Bibi anapiga simu ya video kutoka Kasulu, mtoto anajificha nyuma ya sofa, manake bibi anauliza "hujambo mjukuu wangu, umekula?" na yeye hajui aanzie wapi. Halafu mnasema watoto wa huku hawana heshima. Heshima ataitolea lugha gani?

Kuna baba mmoja namfahamu, mchapakazi, msali, shule ilikuwa inatuma ujumbe kila wiki kwamba kijana haingii darasani baada ya chakula cha mchana. Ujumbe unakuja kwenye programu ya shule ndani ya simu, na aliyeiweka ile programu, mwenye neno la siri, ni kijana mwenyewe. Baba akiuliza wanasemaje, kijana anajibu wanasema naendelea vizuri. Barua ya karatasi ikaja, akamsomea mwenyewe, "wanakupongeza baba". Muhula mzima! Baba kaja kushtukia siku kaitwa shuleni, na kule akaongea mkalimani mtu mzima kwa mara ya kwanza. Alilia mbele ya walimu. Mimi simlaumu sana yule kijana, alipewa ufunguo wa nyumba akiwa na miaka nane, mlitegemea nini?

Kwa hiyo someni na nyie. Kuna mpango wa AMEP, masomo ya Kiingereza ya bure kwa wenye ukaazi wa kudumu na waliokuja kwa visa za ukimbizi, zamani ulikuwa na kikomo cha masaa 510, kikomo kikaondolewa 2021, na kwa mama mwenye mtoto ambaye hajaanza shule wanagharamia hata wa kumwangalia mtoto wakati uko darasani. Wanaume wanawakataza wake zao eti nani atapika. Acheni hiyo tabia. Mama akijua kusoma barua mwenyewe, mtoto anarudi kuwa mtoto.

Na msidhani nchi inawasubiri watoto wenu kwa mikono miwili. Mwaka 2018, jimbo letu hili la Victoria likiwa linaelekea uchaguzi, ilikuwa kila siku magenge ya Waafrika, magenge ya Waafrika, mpaka waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Peter Dutton, akasema watu wa Melbourne wanaogopa kutoka usiku kwenda mgahawani. Waliosemwa vibaya zaidi ni watoto wa Sudan Kusini, ila mlinzi wa duka hakuulizi wewe ni wa Juba au wa Bukavu, anakufuata tu kati ya rafu. Mtoto wako atakutana na hilo, atarudi nyumbani kimya. Siku hiyo lazima awe na lugha ya kukueleza akiwa analia, na wewe uwe na lugha ya kumwambia yeye ni mtoto wa nani na katokea kwa watu gani. Hilo hakuna kaunsela atakayelifanya kwa niaba yako.

Halafu hii hofu ya "ukimgusa serikali inachukua". Imewafanya wazazi wengine waache kulea kabisa, mtoto wa miaka sita anachagua saa ya kulala. Sikilizeni, mwalimu, nesi, dokta na polisi hapa Victoria sheria inawalazimu kutoa taarifa wakihisi mtoto anaumizwa, kwa hiyo fimbo na mikanda iacheni, na mimi nasema iacheni hata kama sheria isingekuwepo. Lakini hakuna sheria inayokukataza kusema hapana. Nyang'anya tableti. Zima intaneti saa mbili usiku. Mtoto akikutishia "nitapiga 000", kaa naye chini, mwambie namba hiyo ni ya polisi, moto na ambulensi, mfundishe na namna ya kuitumia vizuri, halafu mwambie akaoge alale. Hana la kujibu.

Shifti. Najua maisha. Kituo cha kulelea watoto kutwa (childcare) kinazidi dola 100 kwa siku, na wenye visa ya masomo ruzuku ya serikali haiwahusu, na masaa yao ya kazi ni 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo, na kodi ya nyumba inahesabiwa kwa wiki. Nyumbani nao wanadhani dola zinaokotwa, kila mwezi harusi, kila mwezi msiba. Lakini kuwaacha watoto wamelala peke yao usiku mama na baba wote wako kazini kwenye nyumba za kutunzia wazee, hapana, nakataa. Sheria ya Victoria haikutajii umri, inataka uwe umeweka utaratibu wa maana wa kumwangalia mtoto, na simu iliyoachwa mezani siyo utaratibu. Tafuteni majirani, pokezaneni. Kama hela haitoshi, punguzeni za kutuma. Nimelisema, atakayenuna anune.

Mengine nataja tu. Kiti cha gari cha mtoto ni lazima mpaka miaka saba, na wa chini ya minne hakai mbele. Baharini ogeleeni kati ya bendera nyekundu na njano tu, na watoto wafundishwe kuogelea, wetu wanazama. Kofia miezi ya jua kali, bila kofia shuleni hachezi. Jiko la mkaa msiingize ndani hata baridi ya Julai ikizidi, hewa yake ya sumu inaua watu usingizini. Karanga msiweke kwenye chakula cha shule bila kuuliza. Chekechea (kinder) ya miaka mitatu na minne Victoria ni bure kwenye vituo vingi tangu 2023, waandikisheni. Maktaba bure, nendeni Jumamosi.

Na viongozi wa jumuiya nawageukia. Kwenye grupu tunachanga maelfu ya kusafirisha mwili, na ni vizuri, hatumwachi mtu wetu. Tunakodi ukumbi wa sherehe na muziki mpaka saa nane za usiku. Lakini darasa la Kiswahili la watoto Jumamosi asubuhi nimeliomba mara ngapi, naambiwa hakuna bajeti. Bajeti gani? Chumba cha kanisa au msikiti, mkeka, mabibi wawili wa kusimulia hadithi, chai na maandazi. Mimi maandazi naleta. Nataka mtu wa kuja na funguo za chumba.

Mlio bado Nairobi, Dar, Bujumbura mnafunga masanduku: mashuka na sufuria vimejaa huku, acheni. Bebeni kadi za chanjo za watoto, chekechea wataziomba. Bebeni vyeti vya kuzaliwa na ripoti za shule. Bebeni vitabu vya hadithi vya Kiswahili vya watoto, kilo tano nzima kama mna nafasi, na mchukueni bibi sauti kwenye simu akisimulia, akiimba, akiwataja watoto majina. Dagaa na maharage mkibeba, andikeni kwenye fomu ya uwanja wa ndege kwamba mna chakula, wakague wenyewe waamue. Ukificha unapigwa faini ya mamia mpaka maelfu ya dola, na hiyo ndo hela ya wiki ya kwanza ya watoto.

Mama yenu,
Melbourne